Kikombe cha Mama Kina Gramu Ngapi

4 Januari

Mama,

Shikamoo. Tumefika salama, mimi na mwanao, na mizigo yote isipokuwa mfuniko wa sufuria kubwa, ambao sijui umebaki kwenu au ulishuka njiani kabla yetu. Mwanao ameshaanza kazi kwenye pampu za maji. Anarudi amelowa hadi magotini, anakula, anasema kazi ni nzuri. Nyumba ina vyumba viwili na dirisha la jikoni linalotazama ukuta wa jirani. Si haba.

Na mimi nimepata kazi, Mama, katika jiko la hospitali. Tuko wapishi sita, wagonjwa mia mbili na ushee. Nimewekwa kwenye majaribio hadi mwisho wa Machi, na kwa sasa namenya viazi na kusugua masufuria ambayo naweza kuingia ndani nikakaa.

Hapa ndipo nilipojitia kitanzi. Hospitali hununua mikate nje, na hufika imekauka. Wazee wa wodi ya mwisho, ambao meno yao yanahesabika, hurudisha nusu. Msimamizi wetu alikuwa akilalamikia jambo hilo juzi, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema mimi nimekaa miaka sita kwenye tanuri la mama mkwe wangu, kwamba watu hupanga foleni mlangoni kwake mikate ikiwa bado motoni, na kwamba nikipewa tanuri lile lililolala pale kona, linalowekewa mifagio, ningelisha hospitali nzima.

Msimamizi huyu alikuwa mtunza dawa kwa miaka ishirini kabla ya kuletwa jikoni. Wapishi humwita Bwana Gramu, ingawa si mbele yake. Hakucheka. Alisema, "Vizuri. Niandikie kadi. Kila kitu kwa gramu, ili siku usipokuwepo mwingine aweze kuoka. Mgonjwa hapewi dawa kwa kukadiria, na mkate asipewe kwa kukadiria." Nikifaulu, nimeajiriwa. Nikishindwa, narudi nyumbani kutazama ukuta wa jirani. Aliyasema hayo kwa upole, na upole wake ndio unaonitisha.

Sasa Mama, miaka sita nimekanda, nimechoma, nimebeba masinia, lakini kupima ulipima wewe. Hukuwahi kuniachia kikombe. Tafadhali niandikie vipimo vyako.

Msalimie wifi.

Mkwe wako


13 Januari

Mkwe wangu,

Marahaba. Usishangae mwandiko huu, ni wa wifi yako. Macho yananichezea siku hizi, mstari mmoja nauona miwili, kwa hiyo mimi nasema na yeye anaandika. Mfuniko uko hapa. Tunafunikia ndoo.

Kwa hiyo umejigamba mbele ya mtunza dawa. Sawa. Aliyejigamba hana budi kucheza, na wewe miguu unayo.

Andika. Unga wa ngano vikombe vinne. Maji ya vuguvugu kikombe kimoja na nusu. Sukari vijiko viwili vya chakula, hamira kijiko kimoja cha chakula kisichojaa sana, chumvi vijiko viwili vya chai, mafuta vijiko vitatu vya chakula. Vinatoka mikate miwili. Donge litanata. Usiliogope na usiliongezee unga. Kanda hadi lenyewe lichoke kunata, funika liumuke, ligawe, liweke kwenye makopo, liache liumuke tena, choma.

Kikombe ni kile changu cha bati, unakijua. Hayo mambo ya gramu siyajui. Mimi sijawahi kumpimia mtu mkate kama dhahabu, na hakuna aliyekufa.

Watu wa mtaani watakwambia nilikuwa naficha. Sikuwa naficha. Hakuna aliyeniuliza kwa adabu.

Sisi hatujambo. Tanuri lipo.

Mama


25 Januari

Mama,

Shikamoo. Natumai macho yanaendelea vizuri. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye gunia la viazi, na leo hapa ndipo mahali panaponifaa.

Jikoni kuna jagi la kupimia lenye mistari ubavuni. Kwenye mstari wa kikombe pameandikwa 250. Nikasema basi, kazi imekwisha, kikombe ni gramu 250. Unga vikombe vinne, kilo moja. Maji kikombe na nusu, gramu 375. Nikazidisha mara tano ili tupate mikate kumi ya kuonja, nikaandika kadi safi kwa kalamu nyekundu, nikampelekea. Akaisoma mara mbili, akasema tuanze.

Mama, lile donge halikunata. Halikuwa hata donge. Lilikuwa kama udongo wa fundi matofali aliyeishiwa maji. Mashine ya kukandia ililia kidogo kisha ikanyamaza. Mikono yangu ilijua kabisa kwamba kuna kosa, nikaomba niongeze maji. Bwana Gramu akasema, "Ukiongeza kwa jicho, kwenye kadi tutaandika jicho la nani?" Kwa hiyo tukachoma vile vile.

Ilipotoka alichukua mkate mmoja akagonga nao meza. Meza ikaitikia. Mpishi wa uji alicheka hadi akashika ukuta. Msimamizi mwenyewe hakucheka, alisema tu kwamba siku bado zipo, na mimi nikarudi kwenye viazi.

Nimepitia kadi yangu mara kumi. Vikombe ni vinne, nusu ni nusu. Kuna kitu umesahau kunitajia?

Mkwe wako


3 Februari

Mkwe wangu,

Marahaba. Wifi yako amenisomea barua yako mara mbili, mara ya pili ni kwa sababu ya ile meza.

Sasa nikuulize. Umewahi kujitwika ndoo ya maji? Umewahi kujitwika ndoo ile ile ikiwa na unga? Ipi ilikuvunja shingo? Ndoo ni moja, mwanangu. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini kibaba cha maji na kibaba cha unga havikuzaliwa siku moja. Unga una hewa ndani yake. Maji hayana mchezo huo. Wewe umechukua uzito wa maji ukauvisha unga, na sukari, na kila kitu. Umetia unga karibu mara mbili ya wangu, halafu unaniuliza mimi nimesahau nini.

Mtunza dawa hakosi mizani. Basi acha kusoma jagi. Jaza kikombe unga, weka juu ya mizani, soma. Jaza maji, soma. Vivyo hivyo sukari. Kila kitu kina uzito wake, kama watoto wa mama mmoja.

Kuhusu ukubwa wa kikombe changu, wifi yako amekipima kwa kichupa cha dawa chenye alama ya mililita 50. Kimeingia mara tano kamili. Kwa hiyo jagi lenu halikudanganya. Aliyedanganywa ni msomaji.

Mwambie mwanangu avae viatu vya mpira kazini.

Mama


15 Februari

Wifi,

Hujambo? Hii ni yako peke yako, usimsomee Mama.

Nilifanya alivyosema. Nilichota unga kwenye gunia, kikombe kikajaa, nikaweka kwenye mizani: gramu 165. Maji yalitoka 250 sawasawa, na sukari nikaiona tofauti na vyote viwili. Nikaona mwanga. Nikaandika kadi mpya, unga gramu 660, maji 375, tukaoka mikate kumi mingine.

Safari hii ilikuwa mikate kweli. Iliumuka, ilikuwa na rangi. Lakini ilikuwa mizito, wifi, imebanana ndani. Si ile inayochanika kama pamba ukiivuta. Wodi ya wazee walikula sehemu laini ya katikati wakaacha maganda yamepangwa ukingoni mwa sahani. Bwana Gramu alisema ni nzuri kuliko matofali, lakini kwa nini ahangaike na tanuri kwa mkate ambao si bora kuliko wa kununua? Imebaki mara moja tu.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, kwa sababu wewe ndiye unayeandika. Ulipokuwa unaandika yale maneno ya Mama, hakuna kilichopungua njiani? Tulipokuwa tunafunga mizigo ulisema sasa tanuri litapata mtu wa kulitunza, na mimi nilikusikia. Kama unalitaka tanuri, lichukue. Sitarudi kugombania tanuri. Lakini usinifungie mkate wangu huku.

Na jambo jingine. Kichupa cha dawa chenye alama kinafanya nini nyumbani kwa mtu ambaye hajawahi kumeza hata kidonge cha kichwa?

Wifi yako


22 Februari

Wifi,

Nimeisoma barua yako peke yangu kama ulivyotaka, nje, kwenye kamba ya nguo.

Niliandika kila neno kama lilivyotoka kinywani mwa Mama. Hata yale ya kukucheka.

Nilimwambia tu kwamba mkate wako bado ni mzito. Akasema kikombe hakisemi kimejazwaje. Akataka tukutumie vikombe vyenyewe. Ndani ya mzigo huu kuna pakiti tano za karatasi, zimeandikwa namba. Kila moja ni kikombe kimoja cha unga, kama kinavyotiwa hapa nyumbani. Pima.

Kaka hajambo?

Wifi yako


4 Machi

Mama,

Shikamoo. Pakiti zimefika, hakuna hata moja iliyopasuka. Nimezipima mbele ya Bwana Gramu, kwenye mizani ndogo aliyokuja nayo kutoka chumba cha dawa, ile ya mawe madogo ya shaba yanayoshikwa kwa koleo. Karatasi tulipima kando tukaitoa. Hivi ndivyo zilivyo.

Ya kwanza, gramu 128.
Ya pili, 163.
Ya tatu, 129.
Ya nne, 171.
Ya tano, 149.

Bwana Gramu alikunja uso akasema mtu huyu hana kipimo, leo hivi kesho vile. Nilitaka kukubali, ili yaishe. Lakini nilitoka nje nikakaa, nikakumbuka.

Mama, mimi nimesimama kando yako miaka sita. Sikuruhusiwa kukishika kile kikombe lakini macho sikufungwa. Mkono wako haukuwahi kwenda 128 ukarudi 171. Siku ya msiba wa Baba ulipima unga huku unalia, na mikate ilitoka ile ile. Siku ya homa yako ulipima umekaa kwenye kiti, na ilitoka ile ile. Watu hawakuwa wanapanga foleni kwa ajili ya unga, unga uko kila duka. Walikuwa wanapangia mkono ambao haubadiliki.

Kwa hiyo hizi pakiti tano hazikujazwa zote na mkono wako. Nani amejaza? Na kwa nini hukujaza wewe? Kwa nini barua zako zote zina mwandiko wa wifi, kwa nini kuna kichupa cha dawa, kwa nini kila nikikuuliza habari za tanuri unanijibu kwamba lipo?

Sitaki tena kujua habari za mkate kwanza. Niambie una nini.

Mkwe wako


11 Machi

Wifi,

Barua yako ilifika mimi nikiwa sokoni. Jirani aliipokea, na Mama, asiyeweza kufungua bahasha kwa mkono mmoja, akamwambia aifungue amsomee. Kwa hiyo amesikia yote. Jirani anasema walipofika kwenye zile namba Mama alimwambia arudie, na walipofika kwenye msiba wa Baba alimwambia anyamaze kidogo. Niliporudi nilimkuta anacheka, mara ya kwanza tangu Desemba. Akaniambia, "Mwandikie. Amenikamata kwa mizani."

Basi naandika. Siku ya tatu baada ya nyinyi kuondoka Mama alianguka mbele ya tanuri. Ni kiharusi. Mkono wa kulia haufanyi kazi, na mguu wa kulia anauburuta. Wiki ya kwanza ulimi ulikuwa mzito, sasa umerudi, tena umerudi na nguvu mpya, kama unavyoona kwenye barua zake. Macho yake ni mazima kuliko yangu. Tanuri halijawashwa tangu siku ile.

Alinikataza nisiseme. Alisema kaka ameingoja kazi hiyo miaka miwili, na akijua atairudisha siku hiyo hiyo. "Ameondoka kwenda kuanza maisha," alisema, "hatarudi kwa ajili ya mkono." Mimi nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akanijibu kwamba kifo kikija kitamkuta ana shughuli.

Sasa pakiti. Ya kwanza aliijaza mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Alichekecha kwanza, kisha akatia unga ndani ya kikombe kwa kijiko, kidogo kidogo, bila kukigonga, halafu akafuta juu kwa mgongo wa kisu. Ilimchukua muda hata chai yake ikapoa. Ya pili kijiko kilimponyoka, nikaijaza mimi, naye akageuza uso akatazama ukuta. Alipumzika, akaomba tena. Ya tatu ni yake. Mbili za mwisho ni zangu pia. Mimi nilichota moja kwa moja kwenye mfuko wa unga nikashindilia, kama mtu anayechota mchanga, nikidhani unga ni unga tu. Alitaka niziandikie za nani ni zipi. Nikaogopa utauliza, nikaandika namba peke yake.

128 na 129, wifi. Kwa mkono wa kushoto. Nilimsomea tena hizo mbili jioni akiwa amekaa, na akakaa wima zaidi.

Na lile la tanuri ulilosema nalitaka. Ndiyo, nalitaka. Nataka liwake.

Wifi yako


27 Machi

Mama, na wewe wifi, kwa sababu hii ni yenu nyote wawili,

Shikamoo Mama. Barua hii analeta mwanao mwenyewe, pamoja na mzigo mzito uliofungwa kwa blanketi. Alitaka kuja siku ile ile tuliposoma. Alinawa mikono akavaa shati, akaenda kumwambia mkuu wake, na mkuu wake akasema subiri wiki moja apatikane wa kushika zamu yako, kisha ukae wiki tatu na kazi utaikuta. Hakuirudisha kazi, Mama. Ulimdhania vibaya. Kumbe mtu anaweza kumtunza mama yake na bado akawa na kazi.

Wifi, wewe nianze kukuomba radhi au nipige magoti kwanza? Yale niliyokuandikia nimeyasoma upya kichwani kila siku, na kila siku yanazidi kuwa mabaya. Ulikuwa unamwogesha, unamlisha, unamwandikia, na mimi nakutuhumu kwa vijiko vya unga. Nisamehe. Nikija nitafua nguo zote za nyumba hiyo, hata safi.

Sasa sikieni.

Nilimpelekea Bwana Gramu pakiti ya kwanza na ya tatu, nikamweleza ni za nani na zimejazwa vipi. Alizipima upya, mara mbili. Akakaa. Akasema, "Mkono wa kushoto. Wa mgonjwa wa kiharusi." Kisha akasema kwamba katika miaka ishirini ya dawa aliwafukuza wasaidizi wenye mikono miwili mizima waliokuwa hawaufikii usahihi huo. Mimi nikajifanya napangusa meza.

Niliandika kadi ya tatu. Kikombe gramu 128 na nusu, mara nne, unga gramu 514. Maji 375. Nikaandika pia: chekecha kabla ya kupima, donge litanata, usiongeze unga. Nilikuwa tayari nimekunja mikono ya shati, na hapo ndipo msimamizi aliponitoa roho. Alininyang'anya kadi akampa mpishi wa uji, yule aliyecheka hadi akashika ukuta, mtu ambaye hajawahi kuoka hata andazi. Akaniambia mimi nisimame mlangoni, mikono nyuma, mdomo umefungwa. Alisema, "Wewe unajua kuoka. Sasa tuone kama kadi inajua."

Na si mikate kumi. Sitini, ya hospitali nzima. Kadi mara thelathini: unga kilo kumi na tano na gramu mia nne ishirini, maji kilo kumi na moja na robo. Kosa la kijiko kimoja, ukilizidisha hivyo, ni kosa la ndoo.

Mama, sijawahi kusimama hivyo. Mpishi wa uji alipima kila kitu huku ametoa ulimi kidogo, kama mtoto anayejifunza kuandika. Donge lilipoanza kunata alinigeukia ametoa macho, mkono umeshaenda kwenye gunia la unga. Nikauma mdomo. Akarudi kwenye kadi, akasoma kwa kidole, akautoa mkono kwenye gunia. Akaendelea kukanda. Mikono yangu nyuma ya mgongo ilikuwa inakanda pamoja naye.

Kisha likaacha kunata. Nililiona likibadilika kutoka pale mlangoni, likawa na ngozi, linang'aa. Liliumuka hadi likasukuma kitambaa.

Mikate ilipotoka harufu ilitangulia kwenda wodini kabla ya toroli. Wauguzi walikuja mlangoni mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake. Msimamizi alichukua mkate wa katikati ya sinia, akauvuta. Ukachanika kama pamba. Alikula vipande viwili amesimama, akamwambia mpishi wa uji agawe.

Sahani za wodi ya wazee zilirudi nyeupe. Hakuna ganda hata moja, Mama. Muuguzi wao aliliinamisha sinia tupu kunionyesha, akasema kuna mzee tangu aletwe hajaomba kitu, na leo ameomba kipande cha pili.

Msimamizi alitoa muhuri wake mfukoni, akagonga kadi. Akauliza mkate huu unaitwaje, kwa sababu juu ya kadi niliacha wazi. Nikasema unaitwa Mkate wa Mama. Akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, akaitundika ukutani juu ya tanuri. Mifagio imehamishwa. Mimi nimeajiriwa, na kuanzia Jumatatu mimi ndiye mkuu wa tanuri, na mpishi wa uji ni msaidizi wangu kwa ombi lake mwenyewe.

Mzigo ulio kwenye blanketi ni mizani ya dawa, ile ile iliyopima pakiti zako. Bwana Gramu amekutumia. Anasema chumba cha dawa kimepata mpya, na hii imeshazoea mkono wako. Najua utanuna. Nuna kwanza, halafu itumie. Mkono mmoja haushiki kikombe na kisu kwa pamoja, lakini kuweka jiwe la shaba kwenye sahani ya mizani mkono mmoja unatosha.

Mkwe wako


20 Aprili

Mkwe wangu,

Marahaba. Mwandiko ni wa wifi yako kama kawaida, na anasema nikuambie umesamehewa ila nguo anakuwekea.

Mwanangu alipofika alisimama mlangoni akalia. Nilimwacha kidogo, kisha nikamwambia atosheke, mtu anayelipwa kwa kuzuia maji yasimwagike asije akayamwaga nyumbani kwangu. Basi akacheka. Wiki mbili hizi ananitembeza asubuhi hadi kwenye duka la kona na kurudi. Juzi nilirudi mwenyewe, yeye nyuma yangu na mikono ameinyoosha kama anayekimbiza kuku.

Kuhusu mizani nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nilimwambia wifi yako aiweke mezani niione tu. Siku ya nne nilipima vitu vyangu vyote. Nimekuta kosa kwenye nakala ya kadi yenu aliyoileta mwanangu, na ulifute leo hii. Mimi natumia chumvi ya chengachenga, nyinyi mna ile laini. Kijiko ni kimoja lakini laini inajipanga na kujaza kila nafasi. Vijiko vyangu viwili ni gramu 9. Wewe umeandika 12. Mwanangu anasema mkate wenu ni mzuri ila unaita maji, na mimi nimejua kwa nini. Mwambie Bwana Gramu kwamba aliyemsahihisha ni mimi.

Sasa la maana. Jumamosi tumewasha tanuri.

Mimi nilikaa kwenye kiti, mizani mbele yangu, mawe upande wa kushoto. Nilipima kila kitu mwenyewe, na ilinichukua nusu ya muda ulionichukua kujaza ile pakiti moja. Wifi yako alikanda. Alikuwa akikanda kama mtu anayeogopa kuliamsha donge, nikamkaripia, akaongeza nguvu. Mwanangu alichochea moto akaunguza nyusi moja. Mikate kumi na miwili tu, ya kuanzia.

Moshi uliwaambia watu. Tulipofungua mlango walikuwa wamesimama kama zamani, hata wengine walikuwa wamevaa vizuri. Lakini hakuna aliyenyoosha mkono kununua. Wananitazama mimi, wanautazama mkono wangu umelala mapajani, wanatazama chini. Kisha fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, yule asiyejua kunong'ona, akasema mbele ya wote, "Mama, samahani, lakini mkono wako umepooza. Huu mkate ni wa nani?"

Wifi yako alitaka kumjibu. Nikamzuia. Nilichukua mkate, nikaubana na tumbo, nikauvuta kwa mkono wa kushoto, nikampa nusu. Alikula. Watu wote wanamtazama mdomo. Alitafuna hadi mwisho, akajifuta, akasema, "Nipe mitatu."

Kumi na miwili iliisha kabla hatujafungua dirisha la pili. Jumapili tukaoka ishirini na minne. Leo ni arobaini, na kuna wanawake wawili wa mtaa wa nyuma wameniomba niwafundishe, wameomba kwa adabu, nami nimewawekea siku. Wifi yako ndiye atakayekanda mbele yao. Amepata mkono, huyu, ila usimwambie nimesema, ingawa ndiye anayeandika na sasa hivi anacheka.

Nilikuwa na mengine ya kukuambia lakini tanuri limeshapata moto na wanangu hawa wawili hawaanzi bila mimi. Nina kazi.

Mama